Mashine inafua ila haikamui, na fundi anasema ni bodi

"Mwangaluka, fundi. Nina mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7, nilinunua kwa familia iliyokuwa inahama Mwanza. Kwao niliiona ikifanya kazi vizuri kabisa. Hapa kwangu Buswelu imefanya kazi kama miezi miwili. Sasa inajaza maji, inafua, ila ikifika kwenye kukamua inasimama, inalia, na kioo kinaandika herufi mbili. Nguo zinabaki zimelowa chapachapa na mlango haufunguki mpaka nizime umeme nisubiri. Mpira wa maji machafu tumeupitishia dirisha la bafuni. Maji ni ya tenki, sabuni natumia ya unga ya kawaida. Kuna siku nikiigusa mkono ukiwa umelowa inanitekenya, watoto wanasema inauma. Fundi amekuja akasema bodi imeungua, laki tatu na nusu. Mume wangu anasema tuiuze chuma chakavu. Tufanyeje?"

Mwangaluka, dada yangu. Naanza na lile ulilolitaja kwa kupitia tu, la kutekenya. Chomoa plagi ukutani sasa hivi, na mashine isitumike mpaka jambo hilo liishe. Habari ya bodi (ile sahani ya elektroniki inayoiongoza mashine) na laki tatu na nusu itasubiri.

Ndani ya mashine nyingi za siku hizi, pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kijisanduku cha kuchuja umeme chenye kapasita mbili ndogo. Kazi yake ni kusukumia takataka za umeme kwenye bati la mashine, kwa kutegemea kwamba bati hilo limeungwa na waya wa ethi na takataka zitashukia ardhini. Ethi isipokuwepo, umeme ule hauna pa kwenda, na bati linabaki na karibu nusu ya zile volti 230. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unakutekenya tu. Lakini heta, yaani kile chuma cha kupasha maji moto, ikipasuka ganda nayo huanza hivyo hivyo, na kwa mkono huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Heta ikivuja kweli siku ambayo ethi haipo, umeme utapita kwa yeyote aliyeshika mashine huku amesimama kwenye sakafu ya bafuni iliyolowa. Sitaki awe wewe wala mtoto.

Nina wazo ethi yako imepotelea wapi. Vitu vya familia zinazohama mara nyingi vina plagi ya Ulaya, ile ya duara yenye miguu miwili minene. Ethi ya plagi hiyo haiko kwenye miguu, iko kwenye vile vibati viwili vya ubavuni. Ukiichomeka kwenye soketi yetu kwa kusukumia kalamu kwenye tundu la juu (tumefanya wote, tusidanganyane), au kwa adapta ya bei rahisi, mashine inawaka bila shida na ethi haijashikana na chochote. Kata plagi hiyo, ifungwe ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 13, waya wa kijani na njano uingie kwenye mguu ule mrefu. Halafu fundi umeme apime kama ethi ya nyumba yenyewe ipo kweli. Mwanza hii tunajenga juu ya mawe. Nyumba moja ya Isamilo niliikuta fimbo ya ethi imekatwa kwa msumeno: fundi aligonga, ikagota kwenye jabali nusu mita chini, akakata kilichobaki juu akafunika kwa udongo. Kwenye mawe fimbo moja haitoshi. Huchimbwa mtaro, waya wa shaba ukalazwa humo, au fimbo kadhaa zikaungwa pamoja upande wenye udongo unaoshika unyevu. Akiwa na mita yake apime na heta hapo hapo: kati ya nyaya za heta na ganda lake pasiwe na njia ya umeme kabisa. Hiyo kazi usiifanye mwenyewe, na usimwachie kijana wa jirani mwenye testa tu.

Tuje kwenye kukamua. Fundi wako huenda si mwongo. Wengi wetu tulijifunzia kwenye redio na televisheni, na huko mshukiwa wa kwanza ni bodi. Ila tazama bodi yako inafanya nini. Inawaka, inafunga mlango, inafungulia maji, inajua yamefika kimo gani, inazungusha dramu kulia na kushoto, kisha inagundua kuna jambo haliendi na inakuandikia. Bodi iliyoungua haifanyi kazi zote hizo. Bodi zinazouawa na umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika huwa kimya kabisa: hakuna taa, hakuna mlio, na ukifungua unakuta weusi wa moshi na kijisahani kidogo cha kuzuia volti kimepasuka.

Hukuniambia ni herufi gani zinazoandikwa. Kwenye LG ikiwa OE, kwenye Samsung ikiwa 5E au 5C, kwenye Bosch ikiwa E18, zote zinasema neno moja: nimewasha pampu, nimesubiri, maji hayajatoka.

Mashine haianzi kukamua kwa sababu muda wa kukamua umefika. Chini ya beseni la mashine, lile linaloshika maji huku dramu ikizunguka ndani yake, kuna kichumba cha hewa, na kutoka hapo mpira mwembamba kama wa dripu unapanda hadi kwenye kihisi. Maji yakipanda, hewa inabanwa, yakitoka, inalegea. Bodi inawasha pampu na kusubiri dakika chache. Kihisi kikiendelea kuonyesha maji, inakataa kuzungusha dramu kwa kasi, na ina haki. Dramu inayokwenda mizunguko elfu moja kwa dakika huku chini kumejaa maji ingejivunjavunja, au ingetembea mpaka mlangoni. Mlango nao unakataa kwa sababu ile ile: haufunguliwi mbele ya maji. Na hata ukizima umeme, kufuli lake lina kipande kinachoshikilia kwa joto, hivyo huchukua dakika moja au mbili kupoa ndipo liachie. Kwa hiyo mlango wako ni mzima. Tafuta kinachozuia maji, na kukamua kutarudi.

Sasa soma tena barua yako. Kwa wenyewe mashine ilikuwa sawa, kwako ikagoma. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni plagi, njia ya maji machafu, na bila shaka sabuni.

Dirisha la bafuni lako liko juu kiasi gani kutoka sakafuni? Nyumba nyingi ninazoingia ni mita moja na nusu, nyingine zaidi. Vijitabu vingi vya mashine hizi vinataka mpira wa maji machafu upande kati ya sentimita 60 na mita 1. Pampu ile ni kijimota cha wati 30 hivi, kidogo kuliko kikombe cha chai, na umeiambia irushe maji dirishani. Ikiwa mpya na safi inajikaza. Miezi miwili ya nyuzi za mataulo na mchanga wa tenki ikishaingia kwenye chujio, haiwezi tena: maji yanapanda mpaka karibu na dirisha, pampu inachoka, yanarudi. Shusha mpira huo. Uingize kwenye bomba la maji machafu au uuning'inize ukingoni mwa sinki, ufungwe kwa kamba usiruke, na usikunjike nyuma ya mashine. Usiulaze chini sakafuni pia, maana hapo maji yatajitokea yenyewe kila yanapoingia, na mashine itajaza mpaka jioni.

Baada ya hapo fungua chujio. Ni kazi yako kabisa, haihitaji fundi. Umeme umechomolewa, na kama ulifua kwa maji ya moto subiri yapoe kabisa, maana watu wanaungua miguu hapa. Chini mbele, kwenye kona, kuna kijimlango. Kifungue kwa sarafu. Utaona kizibo cha duara, na mashine nyingi zina kimpira chembamba pembeni yake: kivute, kitoe kizibo chake kidogo, umwagie maji kwenye sinia au treya ya kuokea. Yatakuwa lita kumi na zaidi, kwa hiyo utamwaga, utaziba, utamwaga tena. Usifungue kizibo kikubwa kabla maji hayajaisha, la sivyo utadeki mpaka sebuleni. Kikitoka, kitatoka na kitu kama sufi ya kijivu, kinateleza, kinanuka kama maji ya ndoo yaliyosahaulika. Chambua ndani yake. Mimi nimeshatoa vibanio vya nywele, vyuma vya sidiria, shanga, soksi ya mtoto mchanga, na kwa baba mmoja wa Kirumba sarafu ya shilingi hamsini iliyokuwa imesimama wima kama imepangwa. Baba huyo alikuwa ameshanunua bodi. Hela haikurudi.

Chujio likishatoka, washa tochi ya simu umulike tundu lake. Ndani kabisa utaona feni ndogo ya plastiki. Izungushe kwa kidole. Kwenye pampu nyingi haizunguki laini. Inakwenda kwa kurukaruka, kama inavutwa na sumaku, na ndivyo ilivyo, ni sumaku. Ikiwa imekwama kabisa, kuna uzi au unywele umejizungusha kwenye shina. Ikizunguka bure bila ukinzani wowote, imevunjika. Rudisha kizibo ukikaze vizuri.

Kuhusu sabuni nitakaa kidogo, kwa sababu hapa kwetu ndiyo inayonipa kazi nyingi kuliko umeme. Sabuni ya unga ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya beseni na mikono, na sisi tunapenda povu. Sabuni isiyotoa povu tunaona tumeibiwa. Mashine ya mlango wa mbele inainua nguo na kuziangusha mara maelfu, kwa hiyo povu linapigwa kama mayai ya keki. Pampu inasukuma maji, haiwezi kusukuma povu. Feni inazunguka ndani ya hewa, povu linakaa pale pale, kihisi kinaona bado kuna kitu, bodi inaongeza suuza nyingine au inagoma. Juu ya hapo, maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi. Chokaa ndiyo huua povu la sabuni. Kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko kwa ajili ya maji magumu, ukikitumia kwa maji ya bomba letu, ni kama umeweka mara mbili. Mwenye kisima cha kuchimbwa mambo yake ni mengine: maji ya huko yakiwa magumu yanakula sabuni, na heta inavaa ganda jeupe.

Angalia kioo cha mlango katikati ya kufua. Povu likizidi theluthi ya kioo, umezidisha. Tafuta sabuni iliyoandikwa ya mashine, yenye povu dogo, na anza na vijiko viwili vya chakula kwa mzigo mzima. Nguo zitatakata. Najua hutaniamini mpaka ujaribu.

Sasa jaribio lenyewe, ethi ikishakuwa sawa. Bila nguo, bila sabuni, weka programu ya kusuuza na kukamua. Kama mwanzoni linatoka povu ujue ni la zamani lililoganda ndani. Kifuniko kimoja cha siki kwenye droo ya sabuni kitalishusha, rudia tena. Mashine ikitoa maji na kukamua tupu, kesi imekwisha, hakuna cha bodi wala pampu. Ikikamua tupu lakini ikigoma na nguo, tazama unachofua. Blanketi moja zito linajikunja upande mmoja, mashine inajaribu kulipanga, inashindwa, inaacha. Hilo kwa kawaida huandikwa UE kwenye LG. Ongeza mataulo mawili, litatulia.

Maji yakitoka yote na bado dramu haipati kasi hata tupu, hapo tunahamia kwenye mota. Mashine za mkanda zenye mota ya brashi za kaboni, brashi hizo huisha kama penseli. Zikibaki fupi, dramu inazunguka polepole wakati wa kufua na inashindwa kukimbia. Ni kitu cha bei ndogo na saa moja ya kazi. Kama mashine yako ni ya mota isiyo na mkanda, haina brashi, achana na habari hii.

Maji yasipotoka hata baada ya kushusha mpira na kusafisha chujio, ita fundi, na mwombe akuonyeshe kitu kimoja tu. Mashine ikiwa kwenye hatua ya kutoa maji, aweke mita kwenye plagi ya pampu. Volti 230 zikionekana na pampu iko kimya au inaguna tu, bodi imetimiza wajibu wake, pampu ndiyo imekufa. Umeme ukizimwa, koili ya pampu nyingi za kawaida husoma ohm mia moja na kitu hadi mia mbili. Ikisoma hakuna kitu, imekatika. Volti zisipofika pale, afuate nyaya, maana panya wa nyumba zetu wanapenda sana nyaya zile. Nyaya zikiwa nzima, hapo ndipo bodi inaingia kesini, na hata hapo mara nyingi kilichoungua ni kipande kimoja kidogo kinachowasha pampu, ambacho fundi mzuri wa elektroniki anakibadilisha bila kununua bodi nzima. Fundi asiyetaka kupima, anayetaka nusu ya hela kwanza, mshukuru kwa kuja kwake.

Na mume wako? Shemeji hajakosea kuuliza, kosa ni muda. Pampu ya kufanana na yako inagharimu sehemu ndogo tu ya hiyo laki tatu na nusu, na kusafisha chujio ni bure. Mimi mwenyewe hushauri watu waiache mashine pale beringi zinapokuwa zimekwisha: ikikamua inanguruma kama ndege inayopaa, dramu unaitikisa kwa mkono inacheza juu na chini, na nyuma kuna michirizi ya kutu. Mashine nyingi za sasa beseni lake limeunganishwa moja kwa moja kiwandani, halifunguki, kwa hiyo beringi za bei ndogo zinakuwa kazi ya kukata beseni kwa msumeno na kulibandika tena. Nimefanya, na baadhi zilivuja. Jambo hilo hukulitaja, kwa hiyo nadhani hamjafika huko. Kama kweli mwishowe ni bodi, pimeni bei yake dhidi ya umri wa mashine, na msinunue bodi iliyotumika isiyo na namba zile zile zilizoandikwa kwenye ya kwenu.

Mambo mawili mafupi. Frijigadi (kile kifaa cha kulinda friji umeme unapoyumba) ile ndogo ya ampea 5 usiifunge kwenye mashine hii. Heta ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9, itayeyuka. Chukua ya ampea 13 au zaidi, na usipitishe mashine kwenye ekstensheni. La pili ni tenki. Kila mita ya kimo inakupa msukumo wa maji wa kama bar 0.1, na mashine nyingi zinataka angalau kati ya 0.3 na 0.5. Tenki lililo mita mbili juu ya mashine litajaza kwa kudondosha, na valvu yenyewe, kwa kukosa msukumo, inaweza isifunge vizuri ikaendelea kupenyeza maji wakati umelala. Ukiona hivyo, kabla ya kulaumu valvu, fungua mpira wa kuingiza maji nyuma ya mashine utoe kile kichujio kidogo cha wavu kwa koleo. Tenki likiwa halijaoshwa siku nyingi utakuta kimevaa matope kama koti.

Anza na plagi, halafu dirisha, halafu chujio, halafu sabuni. Na zile herufi mbili zikitokea tena, ziandike pembeni au zipige picha kabla hujazima, maana ukizima zinapotea, na fundi yeyote atakayekuja, hata mimi, atakuuliza hizo kwanza.